Nani Amekaa Katika Mchoro wa Kwedizinga

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Handeni nikiwa tayari nimetunga kichwani barua ya kuacha kazi. Nilikuwa nimeipanga vizuri, na salamu, na sababu, na shukrani. Ukungu wa Mpale, kwetu, niliuacha alfajiri juu ya migomba ya mama, na kadiri nilivyoshuka kuelekea tambarare nilijiona kama mtu anayeamka polepole bila kufika mwisho wa kuamka. Jua la Handeni lilikuwa jeupe. Barabara ilimeta kwa mbele kama ina maji. Nilisimama mbele ya ofisi, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nikajiuliza kama nipige hodi mara moja au tatu, na nikipiga tatu watanionaje.

Nawaandikia ninyi mnaokuja nyuma yangu, mliomaliza chuo na kupewa kazi ambayo hamwezi kuwaeleza wazazi wenu jina lake. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee wenye miwani na mafao. Mimi mkataba wangu umekwisha nikiwa bado natoka chunusi. Lakini kazi niliyoifanya sidhani kama ipo tena, na nimeona ni heri niieleze kabla sijaanza kudhani kwamba niliiota.

Niliajiriwa kuwa Afisa Uwakilishi. Maana yake ni hii: vyuo kadhaa vinavyofundisha ubunifu, vya hapa na vya ng'ambo, viliungana vikataka kujua ni watu wa asili gani wanaosomea kubuni vitu, na ni wa asili gani wanaopata kazi hiyo baadaye. Kubuni vitu ni kuamua vitakavyokuwa kabla havijatengenezwa: jengo, kiti, nguo, bango la duka. Mimi nilipewa Handeni na Korogwe. Nilitakiwa kupima, kisha kusaidia kile kilichopimwa kiwe bora.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mratibu, mama wa makamo aliyezaliwa Tanga mjini katika familia ya Kihindi iliyouza vitambaa huko miaka mingi. Alivaa gauni la kitenge na viatu vya kutembelea mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti, binti. Umekula?"

Nilisema nimekula, kisha nikahangaika muda mrefu kwamba nimedanganya siku ya kwanza. Alinisukumia sahani ya maandazi bila kunitazama.

"Sikiliza," akasema. "Ukiingia studio kubwa za mjini, wanaoamua ni Wahindi kama mimi, na Wazungu. Waafrika wamo, wengi tu, lakini wanachora alichokwisha kuamua mwingine. Ukiwauliza wenye studio wanakwambia wao hawaoni rangi ya mtu. Sasa tusipohesabu, wataendelea kutoona."

"Na tukihesabu, mama?"

"Tutakuwa na kitu cha kuwawekea mezani."

Akanipa hojaji, ile karatasi ya maswali. Kulikuwa na safu ya jina, ya umri, ya fani, na safu moja pana kuliko zote iliyoandikwa Asili.

Nilianza na mafundi wa Handeni: washonaji, wachora mabango, watengeneza makochi. Nilitembea kwenye joto lile linalofanya sauti zisikike kama zinatoka chini ya maji. Kila mmoja alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akajibu kila swali mpaka tukafika kwenye Asili. Hapo kalamu ilisimama, na uso nao ukabadilika kidogo. Nchi yetu ilitufundisha tangu shule kutomuuliza mtu kabila lake huku umeshika kalamu. Anayeuliza hivyo ana nia, na nia hiyo haijawahi kuwa ya kukupa kitu.

"Andika Mtanzania," aliniambia fundi makochi mmoja.

"Baba, wote wameandika Mtanzania. Wangependa kitu cha zaidi."

Akafikiri, nyundo ikiwa hewani. "Basi andika Mtanzania sana."

Nilimpelekea Mratibu zile karatasi. Alizipitia moja moja, akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Mimi naulizwa asili yangu tangu darasa la kwanza," akasema. "Nikijibu Tanga, wanasema hapana, asili. Naijua hiyo kalamu, binti. Ila walioko mjini wanataka safu ijae, na nafasi inakwenda kwa aliyejaza."

Nafasi aliyoitaja ilikuwa moja. Studio moja kubwa ya mjini ilikubali kumchukua mwanafunzi mmoja kutoka eneo letu kwa mafunzo ya vitendo, kwa mshahara, na ajira baadaye akifaa. Ilitengwa, kwa maneno ya barua yao, kwa kijana Mwafrika wa jamii isiyoonekana katika fani. Kumpata huyo kijana ndiyo ilikuwa kazi yangu ya pili, na kwa ajili hiyo nilihamishiwa chuo cha ubunifu cha Korogwe.

Chuo chenyewe kiko pembeni ya mji, na kutoka madirisha ya karakana unaona mistari ya mkonge ikienda mbali mpaka inakuwa kama kitambaa kimoja cha kijivu. Mchana watu hawaongei sana. Nilikaa wiki za mwanzo nikitazama mistari ile na kuwaza kwamba waliponiajiri walikosea jina. Bosi wangu mpya, Mkuu wa Idara, alikuwa mjukuu wa Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge akabaki. Nilipomwonyesha hojaji aliisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Hivi hawaulizwi watu," akasema. "Sikia." Akatoa kichwa dirishani kumwita mlinzi, Mzigua wa Handeni. "Wewe Mzigua! Lango limelala au ni wewe umelala?"

"Nimelala mimi, lango liko macho," mlinzi akajibu bila kunyanyuka. "Nyie Wanyamwezi mliletwa hapa kukata mkonge. Umekwisha, mnangoja nini?"

"Tunangoja nyie Wazigua muamke mtuage."

Walicheka wote wawili, na Mkuu wa Idara akageuka kwangu. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote hata msibani. "Umeona? Tumetaja kabila lake, langu, na historia ya wilaya. Hakuna aliyeudhika. Lakini ukiandika hilo kwenye karatasi yako, utakuwa umetuibia."

Sikulala vizuri. Kama kuuliza ni kosa na kusikiliza ni wizi, kupima ni nini?

Darasani nilijifunza jambo ambalo huenda ninyi mnalijua. Mbunifu akichora jengo huweka watu ndani yake, ili mtazamaji ajue mlango ni mrefu kiasi gani. Pale chuoni waliwaita watu wa kipimo. Hutoka kwenye programu za kompyuta, wameshatengenezwa, unabonyeza wanaingia. Mkuu wa Idara alinionyesha michoro ya miaka ya nyuma: stendi ya Korogwe, zahanati, ukumbi wa harusi. Ndani yake walitembea Wazungu. Mwanamke wa Kizungu alikuwa anakimbia mazoezi mbele ya soko la mboga. Mwanamume mmoja alikuwa amemshika mbwa kwa kamba kwenye mlango wa msikiti.

"Mwalimu, hakuna aliyeona?"

"Niliona. Nikadhani ndivyo michoro inavyokuwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilifundishwa hivyo. Unazoea kuchora nchi ambayo wewe mwenyewe haumo."

Aliyekuwa ameanza kuwatoa wale watu alikuwa mwanafunzi mmoja tu, Stamili. Aliishi Kwamndolwa, hapohapo Korogwe, na bibi yake, Mzigua wa Kwedizinga. Babu yake mzaa baba alikuwa Mgiriki, meneja wa shamba la mkonge, aliyeondoka kabla mtoto wake, baba yake Stamili, hajatambaa. Stamili alikuwa na ngozi ya maji ya kunde iliyofifia sana na nywele zenye wekundu, na mtaani walimwita Mzungu wa Mkonge. Alikuwa anaitika bila kugeuka. Alikaa stendi na sokoni akichora watu halisi, anawakata kwenye karatasi ya manila, anawabandika kwa pini juu ya michoro mikubwa ya ukutani. Alikuwa na boksi zima la watu. Ukilifungua walikutazama.

Nilijua siku hiyohiyo kwamba nafasi ni yake. Nilimpigia Mratibu.

"Asili yake?" akauliza.

Nikamweleza.

"Nikiandika Mwafrika, wataangalia picha yake waniulize maswali. Nikiandika chotara, watasema nafasi haikutengwa kwa machotara. Nikiacha wazi wanairudisha. Yeye mwenyewe anasemaje?"

Nilimuuliza Stamili chini ya dirisha la karakana, kwa upole nilioupanga usiku kucha.

"Sijibu hiyo, dada," akasema. "Nikisema Mzigua, watu watacheka. Nikisema Mgiriki, bibi atalia. Kaandike unachotaka."

"Siwezi kuandika ninachotaka. Utaikosa nafasi."

"Basi nitaikosa." Akaendelea kukata mkono wa mtu wa manila, polepole, asije akakata kidole chake.

Mratibu aliamua kuja mwenyewe kumwona akifanya kazi. Darasa lilikuwa limebuni banda la soko pale Kwedizinga, kijijini kwao bibi yake Stamili, ambapo wakulima na wafugaji hukutana siku ya soko, na mchoro ulipaswa kupelekwa mbele ya wenyeji. Tulikwenda. Tuliutundika kwenye ukuta wa darasa la shule ya msingi, mchoro mpana kama kitanda, na watu aliowachora Stamili hapo siku za soko wamebandikwa ndani yake. Wenyeji waliingia wakajaza madawati. Mkuu wa Idara akaanza kueleza nguzo, paa, mteremko wa maji ya mvua. Hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wanatazama watu.

"Yule si Mama Sauda?"

"Ni mimi!" Mama Sauda, muuza nyanya, akasimama. "Mbona nimebeba? Hata kwenye picha sipumziki?"

Kicheko. Akasogea karibu na ukuta. "Tena tazameni. Wanawake wote wamebeba. Huyu ndoo, huyu mtoto, huyu mtoto na ndoo. Hakuna hata mmoja aliyekaa na mikono mitupu. Wanaume ndio wako kwenye benchi."

"Wazigua wamechorwa wamekaa kwa sababu ndiyo kazi wanayoijua," akasema Mkuu wa Idara, ambaye hakuweza kujizuia.

"Na wewe mtani uko wapi? Umefichwa nyuma ya nguzo, labda umeiba kitu!" Mzigua mmoja akamjibu. Na kweli, Mnyamwezi wa karatasi alikuwa nyuma ya nguzo.

Ndipo Mzee Koinet akanyanyuka, Mmasai mwenye ng'ombe upande wa pili wa bonde. Alisubiri kicheko kiishe chenyewe.

"Sisi tumechorwa nje," akasema. "Kwenye jua. Tena tumesimama, na fimbo, mguu mmoja umekunjwa. Wengine wote wana kivuli." Akamtazama Stamili bila ukali. "Binti, Mmasai hachoki?"

Nje upepo ulivuma kwenye mahindi, na vumbi jepesi likaingia kwa mlango likakaa hewani, likang'aa. Nilimtazama Mratibu pembeni yangu. Alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki.

Nilichokuwa natafuta tangu Handeni kilikuwa kinasemwa pale, kwa sauti, na watu ambao wasingejaza safu yangu hata kwa kuombwa na mwenyekiti wa kijiji cha mbinguni. Walikuwa wanahesabu wenyewe. Nani amekaa, nani amesimama, nani amebeba. Na aliyewaweka hivyo hakuwa Mzungu wa mbali. Alikuwa msichana wa kwao, aliyewachora kwa mapenzi, kama alivyozoea kuwaona.

Stamili alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nilidhani atakimbia, mimi ningekimbia. Akaenda ukutani, akaanza kuchomoa pini. Aliwachomoa watu wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka banda likabaki tupu, akawaweka kwenye dawati la mbele.

"Njooni mjiweke," akasema.

Kisha Mama Sauda akaja, akajichukua, akang'oa tenga la karatasi kichwani mwake, akajibandika katikati ya benchi. Wakaja wengine. Kwa muda ule chumba kilikuwa kama kimeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Watu walipita wakiwa wameshika nafsi zao kwa vidole viwili, wanazitafutia mahali, wanasukumana, wanaombana radhi. Mzee Koinet alijitazama muda mrefu, kisha akaomba mkasi, akaikata fimbo, akajikunja kiuno ili akae. Alijiweka jirani na Mama Sauda.

"Usiniletee nzi," Mama Sauda akasema.

"Nyanya zako ndizo zenye nzi, mama."

Mwishoni watu wote walikuwa kivulini na hawakuenea. Wengine walining'inia nje ya paa kama nguo kwenye kamba. Stamili alirudi nyuma, akatazama, akachukua penseli. Akalirefusha paa upande wa mifugo, akaongeza nguzo, akapiga mstari mwingine wa benchi, akamuuliza Mkuu wa Idara kama mbao zitabeba. Mwalimu akasema zitabeba zikiongezwa mhimili. Wakabishana hapohapo mbele za watu, na mwalimu akakubali kushindwa kidogo.

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na wewe Mzungu wa Mkonge, uko wapi?"

Nilishika dawati. Stamili aligeuka. Akaweka penseli juu ya mchoro, sawa na mstari mwembamba unaopita kutoka ukingo hadi ukingo, mstari wa upeo, ambao mbunifu huuchora kwanza kwa urefu wa macho ya anayetazama.

"Huu ni urefu wa macho yangu," akasema. "Nimesimama hapa. Yote mnayoyaona, mnayaona nikiwa nimesimama hapa."

Aliyeuliza alifikiri. "Basi ukimaliza na wewe uje ukae," akasema, na wakaanza kutoka.

Njiani kurudi, tulipovuka daraja, Mratibu alinigeukia. "Safu," akasema. "Tunaandika nini?"

Niliandika mimi, usiku ule na kesho yake, nikafuta, nikaandika. Kwenye Asili niliandika kwamba mwombaji amekataa kujibu na kwamba kukataa kwake ni haki yake. Chini yake nikaeleza kilichotokea Kwedizinga. Nikaomba studio nazo zipimwe hivyo: waingie ndani, waangalie nani amekaa anaamua, nani amesimama anangoja kuambiwa, nani anabeba kazi yenye jina la mwingine, na wawaulize hao wenyewe wangejiweka wapi. Nikasema kwamba hatujawahi kuona mtu wa huku kwetu akiamua jengo hata la huku kwetu, na hilo halihitaji kumpima mtu damu.

Karatasi hiyo iliporudi kutoka mjini, ilikuwa imeandikwa pembeni kwa wino mwekundu: hii si takwimu.

Nilikubaliana nao. Hilo ndilo jambo ambalo bado linanisumbua. Mratibu alikuwa na haki: bila hesabu, waliozoea kuamua watasema wote wapo, mbona tunacheka pamoja vizuri tu. Na Stamili alikuwa na haki. Nilizungusha jambo hilo kichwani kama mtu anayetafuta upande wa kulalia. Nikamwambia Mratibu labda tumshawishi Stamili aandike neno moja tu.

"Hapana," akasema. Alikuwa anafunga viatu vyake. "Nakwenda mjini. Nitakaa kwenye kikao chao cha kupitisha majina, na kabla hawajamuuliza yeye asili yake, wataniuliza mimi. Mbele ya wote. Mmoja mmoja nao nitawauliza. Tutaona nani anajaza."

Sijui yaliyosemwa huko. Mratibu alirudi amechoka, sauti imekauka, akanywa maji glasi mbili akiwa amesimama. "Anakwenda," akasema. "Ila wewe hawakuongezei mkataba. Afisa ambaye safu yake ni tupu, hawajui wamlipe kwa nini. Nilipigania mawili, nikapata moja."

"Marahaba," nikasema, kwa kuchanganyikiwa, kwa mtu aliyenizidi umri. Alicheka mpaka akafuta macho.

Hivyo nimestaafu. Naishi Mpale kwa mama, nachuma maharage, nangoja kuitwa kwenye usaili. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni na unafuta kwanza Korogwe, kisha barabara, kisha mashamba ya chini, na mimi nasimama mlangoni nikijaribu kuamua kama nilifanya kazi au niliizuia. Kama mtapewa safu ile pana, sitawaambia msiijaze. Nawaambia mkae na mtu muda wa kutosha kabla hamjamuuliza, na mkiulizwa ninyi kwanza, muwe na jibu. Mimi sikuwa nalo. Hakuna aliyeniuliza, nami sikulifikiria, ingawa nafikiria kila kitu.

Jana asubuhi Stamili alinipigia. Ilikuwa siku yake ya kwanza.

"Dada, nimefika. Niko mapokezi."

"Umekula?"

"Nimekula." Najua alidanganya. "Dada, hivi nikiingia nisalimie wote au aliye karibu?"

Ningeweza kuongea naye jambo hilo mpaka mchana. Kabla sijafungua mdomo nikasikia, upande wake, sauti ya mwanamke aliyekuwa mezani: karibu, unaitwa nani? Stamili hakukata simu. Nadhani alisahau kwamba ameishika. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, taratibu kama mtu anayemtamkia mwandishi:

"Stamili Juma Yorgo. Wa Kwamndolwa, Korogwe."

"Yorgo," yule mwanamke akarudia. "Yorgo ndio watu gani?"

"Ni babu yangu," Stamili akasema, na simu ikakatika.